Mguu wa Nyumba ya Juu

Kijijini kwetu Masukulu mke wa mtu hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami, hamtaji jina, hali naye, na wakikaribia kugongana njiani ni yeye anayeingia migombani mpaka mzee apite. Vijana wa mjini wameshaacha mambo hayo, na wachungaji wetu wametuhubiria mara nyingi kwamba kumsalimia mkweo si dhambi. Tunawasikiliza, tunaitikia amina, kisha tunarudi nyumbani na kuendelea kukwepana.

Veronika na mzee Andongwisye walikuwa mabingwa wa shughuli hiyo. Nyumba zao zimo katika shamba moja la migomba lililoko mtelemkoni, ya mzee juu, ya Veronika na mumewe Obed chini, na njia inayoziunganisha mzee hakuipita hata siku moja bila kukohoa kwanza. Kikohozi kile hakikuwa cha ugonjwa. Kilikuwa honi. Veronika akikisikia aliacha jembe, akapotelea kwenye migomba, na mzee akapita akitazama mbele kama bwana harusi. Tangu mama mkwe alipofariki, Veronika ndiye aliyempikia baba yake mumewe. Chakula alikiweka kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya juu, akagonga ukuta mara moja, akaondoka. Baadaye alikuta sahani imeoshwa, na hiyo ndiyo ilikuwa asante yake. Waliishi hivyo tangu aolewe bila kusemezana neno, na tukisema kweli walipendana kuliko wakwe wengi wanaokaa meza moja.

Sasa, Veronika huyu ndiye mhudumu wa afya wa kitongoji chetu. Si nesi wala daktari. Ni mtu wetu tuliyemchagua wenyewe, akapewa mafunzo na mkoba, na kazi yake ni kuingia nyumba za watu. Anapima watoto uzito, anawafuata wajawazito wanaokwepa kliniki, anawahimiza wa kifua kikuu wamalize dawa, anachungulia vyoo bila kuombwa. Hakuna nyumba asiyoingia, isipokuwa moja. Na ndani ya hiyo moja ndimo ugonjwa ulimoamua kuketi.

Mzee alikuwa na kisukari, na kisukari kilishampa ganzi ya miguu. Mwezi wa saba huku kwetu baridi haina mchezo. Ukungu unashuka asubuhi na hauondoki mpaka umeridhika. Mzee alikaa jioni moja akiota moto, miguu ameinyoosha karibu na mafiga, akisinzia. Kilichomgutusha usingizini hakikuwa maumivu. Ilikuwa harufu ya ngozi inayoungua, akafikiri ni mbuzi wa jirani anababuliwa manyoya. Alipotazama akakuta ni mguu wake wa kushoto.

Obed alimpakia kwenye kirikuu chake, kigari anachobebea ndizi kwenda Kiwira na Mbeya, akampeleka zahanati. Nesi Winfrida alikiosha kidonda, akakifunga, akasema maneno ambayo Obed alikuja kumsimulia mkewe neno kwa neno. Mguu huu utapona ukitazamwa kila siku. Usipotazamwa utakatwa. Ukibadilika rangi, ukivimba au ukinuka, msingoje kesho.

Basi kazi ya kuutazama ikamwangukia Obed, na Obed ni mtu mwema lakini si mtu wa vidonda. Aliondoka alfajiri na ndizi zake, akarudi usiku amechoka, akaosha mguu wa baba yake kama anavyoosha gari, maji mengi na macho pembeni. Mzee naye hakutaka kurudi zahanati. Alisema hawezi kupakiwa kila siku kama mkungu. Veronika, chini ya mtelemko, alilala akiuwaza mguu ambao alijua namna ya kuutunza kuliko mtu yeyote pale kijijini, na ambao hakuruhusiwa kuuona. Alimwuliza mumewe, "Una rangi gani?" Obed akajibu, "Rangi ya mguu." Mwanamke wa watu akageukia ukutani.

Hapo ndipo chuo kilipokuja. Chuo kimoja cha afya cha huko Tukuyu, jina lake tuliache, kilikuwa kimebuni utaratibu mpya. Mkufunzi wao, Ezron, mzaliwa wa Ibighi, mwembamba, mwenye haraka ya kusema, alituita zahanati akatueleza kwamba wanafunzi wao wamezoea kujifunzia wodini, ambako mgonjwa anakuja akiwa ameshaoza. Sasa watajifunzia majumbani, kabla hajaoza. Na huko majumbani mwalimu hatakuwa yeye Ezron. Atakuwa mhudumu wa afya wa kitongoji, naye ndiye atakayetoa maksi. Tulimtazama Veronika, tukacheka kidogo. Kitongoji chetu hakijawahi kumpa maksi mtu yeyote.

Veronika hakucheka. Alinyoosha mkono akasema anakubali kufundisha, ila anaomba mwanafunzi wa kike, na asiwe wa kabila letu, asiwe na ukoo wala mchumba upande huu wa mlima. Ezron akauliza kwa nini.

"Nina mgonjwa nyumba ya juu," Veronika alisema. "Nataka macho ya kuazima."

Sisi tulielewa mara moja. Ezron alielewa baadaye kidogo, maana amekulia mjini, lakini alipoelewa alitikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa akikitafuta. Wiki iliyofuata akamleta Nahla.

Nahla alikuwa binti wa Mudathiri, fundi cherehani wa pale sokoni Tukuyu, ambaye babu zake walikuja kutoka pwani na mizigo yao ya vitambaa wakasahau kurudi. Alizaliwa Tukuyu, Kinyakyusa alikisikia lakini hakukisema mbele za watu, na alivaa ushungi wake vizuri kiasi kwamba hata bodaboda ya Masukulu haikuweza kuuvuruga. Alikuwa na adabu. Hili tulisema wote, na nalirudia kwa sababu ndilo lililokuja kutuponza. Akikutana na mtu mzima alipiga goti dogo, akasema shikamoo na kungoja marahaba yake mpaka ije. Mama yake, Mwantum, alimlea kwa maneno machache yasiyobadilika, na mojawapo lilikuwa hili: mtu mzima haambiwi kwamba ananuka. Mpe maji na kanga safi, atajua mwenyewe.

Siku ya kwanza Veronika alimpandisha hadi nyuma ya nyumba ya juu. Hapo palikuwa na kinu kibovu kilichopinduliwa. Veronika akakikalia, mgongo ukutani, uso kwenye migomba, chini ya kidirisha kidogo.

"Wewe ingia," alimwambia. "Mimi nitauliza kutoka hapa. Ninachouliza unakitazama, unanijibu. Usinipe jibu ambalo hukuliona."

Nahla akataka kumrahisishia. Alitoa simu, akasema, "Mama, ningepiga picha tu nikakuonyesha." Veronika aliisukuma simu kwa kiganja kana kwamba ina moto.

"Picha ni yeye," alisema.

Basi Nahla akaingia, akapiga goti, akapata marahaba yake, akafungua kitambaa. Sauti ya Veronika ikapita dirishani.

"Rangi?"

"Nyekundu katikati, Mama. Pembeni nyeupe."

"Joto? Weka mgongo wa mkono, halafu weka kwenye mguu mwingine, ulinganishe."

"Sawa sawa na mwingine."

"Uvimbe? Usaha? Haya, harufu?"

"Hakuna, Mama."

Na siku ile kweli hapakuwa na harufu. Mzee alikuwa ameketi kitandani akifuatilia maswali kwa makini, akageuka kwa Nahla. "Mwambie mwalimu wako," alisema, "kwamba jana usiku mguu uliwasha." Nahla akasogea dirishani akasema, "Mama, Babu anasema jana usiku mguu uliwasha," ingawa Veronika alikuwa ameshasikia kila neno. "Mwambie Babu," Veronika akajibu, "kuwasha ni dalili ya kupona, asijikune." Na mzee aliyekwisha kusikia akangoja aambiwe. Nahla alikuwa akitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili, na hakuna kati yao watatu aliyeona ajabu.

Mpango ule ulitupendeza sana. Ezron alikuja kuutazama akaondoka akisifu. Alisema ukuta ule ni mwalimu, kwa maana ukiweza kumweleza asiyeona hadi akaona, ujue na wewe umeona. Kidonda kikaanza kujaa nyama mpya. Veronika alianza kutembea kijijini kwa hatua za mwalimu, na tukamtania kwamba punde tutamwita profesa wa kinu. Mzee naye alichangamka. Alimzoea mtoto wa Mudathiri, akamfundisha majina ya ndizi zote, akampa mkungu apeleke kwao, akamwambia asimwite Babu kwa heshima tu, amwite kwa kumaanisha. Alikuwa mjane aliyeletewa mjukuu mlangoni, tena mjukuu anayeosha miguu.

Kisha mvua za vuli zikaanza. Mzee aliona ameshapona, akavaa buti za mpira akaenda kuangalia mfereji wa shamba lake, akashinda nazo siku nzima. Hakumwambia mtu. Nahla alipofungua kitambaa kesho yake, alisikia kitu hafifu kikimgonga puani, kitu cha utamu mbaya.

"Harufu?" Veronika aliuliza dirishani.

Nahla alimtazama mzee. Mzee alikuwa akimtazama yeye, amekaa wima, amechana ndevu zake kwa ajili ya mgeni, amevaa shati la kanisani. Kumwambia mtu huyo ananuka, usoni pake, kwa sauti ya kupita dirishani, tena asikie mkamwana wake. Mtoto wa Mwantum hakuiweza kazi hiyo.

"Hakuna, Mama," alisema.

Alikusudia kumwambia Veronika baadaye, njiani, wakiwa wawili. Tunamwamini. Lakini Veronika alishuka ule mtelemko siku ile akiwa na furaha, akisema wiki mbili zijazo huenda wakaacha kufunga kitambaa kabisa, na Nahla akaona aoshe vizuri zaidi kesho, harufu itakwisha yenyewe, na uongo wake utakuwa umegeuka kweli. Akaosha kwa maji ya chumvi mpaka mikono ikachubuka. Harufu ikapungua, ikarudi. Kila siku aliyonyamaza ilifanya siku ya kusema iwe ngumu zaidi, maana sasa isingekuwa kusema tu kwamba mguu unanuka, ingekuwa kusema pia kwamba jana ulinuka, na juzi. Rangi ilipobadilika kwenye kidole kidogo, akasema "nyekundu iliyoiva." Vitambaa alivyofungua alivichoma mwenyewe shimoni nyuma ya choo, ili Mama asipate taabu.

Na tusijifanye kwamba sisi wengine tulikuwa bora. Jirani aliyekwenda kumjulia hali mzee alirudi akasema anaendelea vizuri, ila alikuwa ameketi upande upepo unakotokea, na alikuwa amenusa ugoro wa mwezi mzima kwa siku moja.

Aliyekosa adabu kati yetu wote alikuwa mbwa wa Obed. Mvua ya usiku ilizima moto wa shimoni kabla haujamaliza kazi yake, mbwa akafukua kitambaa, akakiburuta hadi uwanja wa nyumba ya chini, akakaa nacho kama mtu aliyeleta barua. Veronika alikuwa akipepeta maharage. Alikiona, akainuka kumfukuza, kisha akasimama. Akainama, akakiinua kwa ncha za vidole, akakisogeza puani.

 Aliweka ungo chini, akanawa mikono, akachukua mkoba. Hakuipita njia ya nyuma inayokwenda kwenye kinu. Alishika ile njia ya katikati, ya mzee. Alipofika hatua chache kutoka mlangoni, miguu ikamgomea. Tangu aolewe hakuwahi kuuona mlango ule kwa mbele. Akasimama pale, na kwa kuwa hakujua afanye nini, akafanya alichofundishwa na mzee mwenyewe. Alikohoa.

 Kisha kitanda kikalia, kikalia tena. Veronika akahesabu pumzi zake mwenyewe, akasukuma mlango.

Mzee Andongwisye alikuwa amejifunika blanketi gubigubi, kichwa, kifua, mikono, vyote. Hakuna kilichoonekana cha baba mkwe wa mtu. Nje ya blanketi palikuwa na mguu mmoja tu, wa kushoto, umenyooshwa hadi ukingoni mwa kitanda, umewekewa kigoda chini yake ili uwe tayari.

Veronika alipiga magoti akaufungua. Alikuwa ameshajua, lakini kujua na kuona ni mambo mawili, naye alilazimika kugeuza uso dirishani apate hewa. Ndipo sauti ilipotoka ndani ya blanketi.

"Unanuka?"

Alidhani anaambiwa mtu mwingine. Akatazama nyuma. Hapakuwa na mtu wa kutafsiri.

"Unanuka, Tata," alisema, kwa neno letu la kumwita baba.

"Sana?"

"Sana. Vidole vitatu vimekuwa vyeusi. Weusi umeshapanda unyayo."

"Mtoto alisema haunuki."

"Alikuheshimu."

Blanketi lilipanda na kushuka. "Mimi pua ninayo," mzee alisema. "Nilinusa kabla yake. Nikasema mtoto wa watu ananisitiri. Nikimwumbua mbele ya mwalimu wake, nitakuwa mtu wa namna gani? Nikamsitiri na mimi."

"Mimi nilikaa ukutani," Veronika alisema.

"Ulikaa ukutani."

 Nje, bodaboda ilikuwa imemshusha Nahla, naye alikuwa amezunguka nyuma kama kawaida, akakuta kinu hakina mtu. Akasikia sauti mbili dirishani. Akaketi juu ya kinu, na hivyo ndivyo alivyosikia neno lililofuata, akiwa mahali pa mwalimu wake.

"Basi tumeheshimiana," mzee alisema, "mpaka mguu umeoza."

 Veronika alikuwa analia, na kwa kuwa mzee alikuwa amefunikwa hakuona haja ya kujificha. Mzee alimwacha alie. Alipomaliza akasikia, "Mwite mume wako alete gari."

Obed alimwaga ndizi zote uwanjani, akatandika majani makavu na godoro. Mzee alipakiwa na blanketi lake usoni, kwa sababu Veronika alipanda nyuma kuushikilia mguu, na Nahla alikaa upande wa pili. Njia yote watu waliona kigari kinapita na mtu amefunikwa, wanawake wawili pembeni wanalia, wakafikiri ni maiti. Wanaume wakavua kofia. Karibu na Tukuyu mzee alichoka kuliliwa na watu wasiomjua, akatoa mkono mmoja nje ya blanketi akawapungia. Wanasema mama mmoja muuza viazi alikimbia akaacha debe.

Hospitalini hawakuwa na la kujadili. Walimkata chini ya goti. Winfrida alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, na sisi sote tulikuwa tumemsikia.

Nahla alikwenda kwa Ezron kuaga. Alisema hafai, arudi akashone na baba yake. Ezron, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka ya kusema, alimwambia si yeye wa kumruhusu, utaratibu ni mpya, maksi ziko Masukulu. Kwa hiyo wote wawili wakaja kwa Veronika, wakamkuta anapalilia. Nahla alipiga goti kwenye matope.

"Kwenye kuosha kidonda umefaulu," Veronika alimwambia. "Sijaona mkono mwepesi kama wako. Kwenye kusema ulichokiona umefeli. Utarudia, na utarudia hapa hapa."

"Babu hatanitaka, Mama."

"Babu ameuliza tangu juzi kwa nini mtoto haji."

Nahla alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetegemea kufukuzwa akakosa. Ezron akakohoa, akauliza, kwa upole lakini akauliza, mwalimu naye anajipa nini. Veronika aliegemea jembe.

"Mwalimu hamkumwandika kwenye karatasi yenu," alisema. "Mngemwandika, naye angerudia."

Haya yalipita. Mzee alirudi nyumbani na magongo, akazoea, akaanza tena kukagua shamba lake na kutukana wezi wa ndizi. Miiko haikufa, msidhani. Bado hatajwi jina, bado anakohoa njiani, na sasa kikohozi kinaambatana na mlio wa magongo, kwa hiyo Veronika ana muda mrefu zaidi wa kuingia migombani. Kilichobadilika ni kimoja. Kila asubuhi, saa ya kutazamwa mguu uliobaki ikifika, mzee anaketi kwenye benchi ndani ya nyumba, anajifunika kitambaa kichwani, anakohoa. Veronika anaingia. Mguu hauna mkwe, mzee alisema alipoulizwa na wenzake, na wazee wenzake wakaliacha jambo lenyewe.

Mwaka uliofuata chuo kilileta wanafunzi wapya. Kwetu alikuja Jotham, kijana wa Kiwira, baba yake anafanya kazi migodini, mwenyewe ana viatu vyeupe na shikamoo nzuri. Nahla alikuwa mwaka wa mwisho, na Ezron alimtuma aje kumwelekeza. Ezron alisisitiza kwamba ule mtindo wa ukuta usiachwe: mgeni atazame, aliyemtangulia aulize akiwa nje, na Veronika asimame ndani akihakiki, asiseme kitu.

Basi asubuhi hiyo Nahla alikalia kinu. Ndani, mzee alikuwa benchini, kitambaa cha meza cha bluu kichwani, mguu wa kulia juu ya kigoda. Kati ya kidole kikubwa na kinachofuata ngozi ilikuwa imepasuka kidogo, kwa sababu mzee, jamani, alikuwa amevaa tena buti ya mpira, safari hii moja.

"Rangi?" Nahla aliuliza.

Jotham alijibu vizuri. Joto akajibu vizuri. Uvimbe, hakuna. Usaha, hakuna.

"Harufu?"

Jotham aliinama, akainuka. Alikitazama kile kitambaa cha bluu kilichokuwa kichwa cha mzee. Alimtazama Veronika, na Veronika alikuwa akitazama ukuta. Kilikuwa kiharufu kidogo tu, cha mwanzo, cha kitu kinachotibika kwa kukausha na kutovaa buti.

"Hakuna kitu, Babu," kijana alisema. "Safi kabisa."

Nyuma ya ukuta Nahla alilitambua jibu lile, akainuka kwenye kinu.

Mzee alivuta suruali yake upande wa kushoto, taratibu, mpaka kigutu kikaonekana chote, na mshono wake. Akakiacha hapo mbele ya kijana.

"Aliyekutangulia alisema hivyo hivyo," alisema ndani ya kitambaa, "na alikuwa na adabu kukushinda. Nusa tena."